Laptopu moja, funguo mbili: kutia sahihi komiti za Git kwenye Windows na Ubuntu ya WSL

Tarehe 28 Machi 2021 komiti mbili za ajabu ziliingia kwenye ripo rasmi, yaani ghala la msimbo, ya lugha ya PHP. (Ninaposema komiti namaanisha ule mzigo wa mabadiliko ambao Git, programu ya kutunza historia ya msimbo, huuhifadhi, si kamati ya harusi.) Moja ilibeba jina la Rasmus Lerdorf, mwanzilishi wa lugha yenyewe, na nyingine jina la Nikita Popov, mmoja wa watunzaji wake wakuu. Ujumbe wa ile ya kwanza ulidai kwamba ni kosa dogo la herufi limerekebishwa. Kumbe ndani mlikuwa na mlango wa nyuma: seva ikipokea kichwa cha HTTP kiitwacho `User-Agentt`, chenye t mbili, na thamani yake ikaanza na neno `zerodium`, maandishi yanayofuata yangetekelezwa kama msimbo wa PHP. Hao wawili hawakuandika hata mstari mmoja. Watunzaji waliligundua jambo hilo mapema, kabla msimbo haujafika kwenye toleo lolote.

Kuiga jina la mtu kwenye Git hakuhitaji ufundi. Jaribu mwenyewe ndani ya ripo yoyote ya mazoezi:

```
git -c user.name="Mkurugenzi Mkuu" -c user.email="mkurugenzi@example.com" commit --allow-empty -m "Nimeidhinisha"
git log -1
```

Mkurugenzi kaidhinisha, na wala hana habari. Git haiulizi kitambulisho. Inaandika jina ulilolitaja, basi. Dawa yake ni sahihi ya kidijitali: ufunguo wa siri ulio nao wewe peke yako unatia sahihi kwenye komiti, na yeyote mwenye ufunguo wako wa umma anaweza kuihakiki.

Tangu mwaka 2012, kwenye Git 1.7.9, sahihi za komiti zilitiwa kwa GPG, programu ya kusimba na kutia sahihi maandishi. Novemba 2021 likaja toleo la 2.34, likaruhusu kutumia funguo za SSH, zile zile tulizozizoea kuingilia kwenye seva. Mwongozo huu unafuata njia ya SSH, kwa mtu mwenye laptopu ya Windows ambaye pia anafanya kazi ndani ya Ubuntu ya WSL, yaani Linux inayoendeshwa ndani ya Windows yenyewe. Wengi wetu ndivyo tulivyo: ya ofisi imekuja na Windows, lakini kazi yenyewe inataka Linux.

## Kwa nini funguo mbili

Nilipoanza nilitaka ufunguo mmoja uhudumie pande zote mbili. Nikauweka upande wa Windows kwa GPG, kisha nikaiambia Git ya Ubuntu iite `gpg.exe` kupitia `/mnt/c`, mahali ambapo Ubuntu inaliona diski C la Windows. Komiti ikapita na sahihi ikatoka. Nikafurahi, nikaenda kulala. Asubuhi nikaandika `git log --show-signature`, nikapata makosa matupu.

Sababu niliijua baadaye. Git inapotia sahihi kwa GPG, humimina maandishi moja kwa moja kwenye programu ile, kwa hiyo daraja linafanya kazi. Inapohakiki, huiandika sahihi kwanza kwenye faili la muda ndani ya `/tmp`, kisha humpa `gpg.exe` anwani ya faili hilo. Programu ya Windows haiijui `/tmp` ya Ubuntu. Kwa SSH hali ni mbaya zaidi, maana hata wakati wa kutia sahihi Git huweka maandishi kwenye faili la muda, kwa hiyo ukiita `ssh-keygen.exe` kutoka Ubuntu unakwama mwanzoni kabisa.

Wapo wanaonakili ufunguo wa siri kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Inawezekana, ila siipendi. Ufunguo wa siri ukishakuwa na nakala mbili, siku mmoja ukivuja hujui umevuja kutoka wapi, na ukiufuta pande zote mbili zinasimama. Laptopu hii ni kama mwenye wake wawili: shati uliloliacha kwa bi mkubwa usilitafute kwa bi mdogo. Kila nyumba iwe na kabati lake, na mwenye nyumba abaki mmoja. Mwenye nyumba kwa Git ni barua pepe yako.

## Kagua matoleo kwanza

Ndani ya Ubuntu:

```
git --version
ssh -V
```

Unahitaji Git 2.34 au zaidi, na OpenSSH 8.2 au zaidi, isipokuwa 8.7 ambayo ina hitilafu kwenye kazi hii hii. Ubuntu 22.04 imekuja na Git 2.34.1, kwa hiyo umevuka kwa kugusa mstari. Ubuntu 20.04 imekuja na 2.25, na hapo hakuna ujanja ila kupandisha toleo.

Upande wa Windows mambo yanachanganya kidogo, kwa sababu SSH ziko mbili. Moja ni ya Windows yenyewe, nyingine imekuja tumboni mwa Git. Ikague ile ya Windows kwa anwani kamili, kwenye PowerShell:

```
git --version
C:\Windows\System32\OpenSSH\ssh.exe -V
```

Windows 10 nyingi zilikaa muda mrefu na OpenSSH 8.1. Hiyo inaweza kutia sahihi lakini haiwezi kumtafuta mwenye sahihi wakati wa kuhakiki. Ukiikuta, usihangaike: tumia SSH iliyo ndani ya Git. Nitakuonyesha mstari wa kuuruka.

## Mwenye nyumba mmoja

Pande zote mbili, andika jina na barua pepe zile zile, herufi kwa herufi:

```
git config --global user.name "Jina Lako"
git config --global user.email "jina@example.com"
```

Usidhani kuandika mara moja kunatosha. Neno `--global` linamaanisha mtumiaji huyu kwenye mfumo huu, na mifumo yako ni miwili. Hakikisha kwa macho:

```
git config --global --list --show-origin
```

Ubuntu itakuonyesha faili lililo ndani ya `/home/jina/`, na Windows lililo ndani ya `C:/Users/jina/`. Ni mafaili mawili yasiyofahamiana.

Barua pepe hiyo lazima iwe imethibitishwa kwenye akaunti yako ya GitHub, tovuti unakohifadhi ripo zako. Hapa ndipo wengi hukwama: Windows ina barua pepe ya ofisi, Ubuntu ina ya binafsi uliyoiandika miaka mitatu iliyopita, halafu unashangaa nusu ya komiti zina alama ya kijani ya Verified na nusu hazina. Kama hutaki barua pepe yako ionekane hadharani, GitHub hukupa anwani inayoishia na `users.noreply.github.com`, hiyo pia inakubalika.

## Upande wa Ubuntu

Tengeneza ufunguo wa sahihi peke yake, tofauti na ule unaoingilia kwenye seva:

```
ssh-keygen -t ed25519 -C "sahihi-ubuntu" -f ~/.ssh/sahihi_ubuntu
```

Ukiulizwa nenosiri, weka. Usibonyeze Enter tu. Ufunguo usio na nenosiri ni wa yeyote anayeweza kulifungua folda lako. Kisha iambie Git:

```
git config --global gpg.format ssh
git config --global user.signingkey ~/.ssh/sahihi_ubuntu.pub
git config --global commit.gpgsign true
git config --global tag.gpgsign true
```

Neno `gpg` lisikutishe, limebaki pale kama urithi wa zamani tu. Angalia pia kwamba tumeelekeza kwenye faili la `.pub`, yaani ufunguo wa umma. Git itamtafuta mwenzake wa siri kwa wakala wa SSH (programu inayokushikia funguo ulizokwisha kuzifungua), na akikosekana huko, kwenye folda lile lile.

Sasa suala la kuulizwa nenosiri kila komiti. Siku ya kwanza utavumilia, siku ya tatu utaliondoa. Kabla hujafika huko, weka `keychain`, programu inayomwasha wakala huyo na kumkabidhi ufunguo:

```
sudo apt install keychain
```

Mwishoni mwa `~/.bashrc` ongeza mstari huu:

```
eval "$(keychain --eval --quiet sahihi_ubuntu)"
```

Utaulizwa nenosiri mara moja, ukifungua terminali ya kwanza, na terminali zitakazofuata zitalikuta tayari. Ukiamuru `wsl --shutdown` au ukiwasha upya laptopu, utaulizwa tena.

Kwa wanaotumia Visual Studio Code iliyounganishwa na WSL: kile kitufe cha kukomiti hakina mahali pa kuuliza nenosiri, na huenda kisimwone wakala uliyemwasha kwenye `.bashrc`. Unachokiona ni kosa fupi lisiloeleza kitu. Mimi hukomiti kwenye terminali iliyo ndani ya kihariri chenyewe, na tangu hapo sijasumbuka.

## Upande wa Windows

Windows ina huduma ya wakala wa SSH, ila mara nyingi imezimwa. Fungua PowerShell kama msimamizi:

```
Set-Service ssh-agent -StartupType Automatic
Start-Service ssh-agent
```

Funga dirisha hilo, fungua PowerShell ya kawaida, kisha:

```
ssh-keygen -t ed25519 -C "sahihi-windows" -f "$env:USERPROFILE\.ssh\sahihi_windows"
ssh-add "$env:USERPROFILE\.ssh\sahihi_windows"
```

Wakala wa Windows ana tabia nzuri: akishapewa ufunguo anaukumbuka hata baada ya kuzima mashine. Kwa hiyo `ssh-add` ni mara moja tu.

```
git config --global gpg.format ssh
git config --global gpg.ssh.program "C:/Windows/System32/OpenSSH/ssh-keygen.exe"
git config --global user.signingkey "C:/Users/jina/.ssh/sahihi_windows.pub"
git config --global commit.gpgsign true
git config --global tag.gpgsign true
```

Mstari wa pili ndio roho ya upande huu. Bila huo, Git itatumia `ssh-keygen` yake ya tumboni, ambayo haimjui kabisa wakala wa Windows, na utaulizwa nenosiri kila mara hata kama `ssh-add` ilikubali. Kama OpenSSH yako ni ile ya 8.1, uruke mstari huo na uvumilie kuandika nenosiri.

Tumia mkwaju wa mbele (`/`) kwenye anwani hata kama ni Windows. Siku utakapolifungua faili la `.gitconfig` na kulihariri kwa mkono, mkwaju wa nyuma una maana nyingine mle ndani na utakuharibia anwani.

## Kuzipeleka GitHub

Kwenye Ubuntu unaweza kunakili ufunguo wa umma hadi kwenye ubao wa kunakilia wa Windows kwa amri moja:

```
cat ~/.ssh/sahihi_ubuntu.pub | clip.exe
```

Kwenye GitHub nenda Settings, kisha SSH and GPG keys, kisha New SSH key. Pale penye Key type chagua Signing Key. Ukiacha ilivyo, ufunguo utaingia kama wa kuingilia, na komiti zako zitabaki Unverified huku ukiapa kwamba umefuata kila hatua. Rudia kwa `sahihi_windows.pub`. Zipe majina yatakayokusaidia baada ya mwaka: "Laptopu ya ofisi, Ubuntu" ni bora kuliko "key2".

## Kuhakiki ukiwa nyumbani

Alama ya kijani ya GitHub ni neno la GitHub. Kuhakiki mwenyewe unahitaji orodha ya watu unaowaamini na funguo zao. Kutoka Ubuntu unaweza kuusoma ufunguo wa umma wa Windows moja kwa moja, kwa hiyo orodha tunaijenga hapa:

```
cd ~/.ssh
echo "jina@example.com namespaces=\"git\" $(cat sahihi_ubuntu.pub)" > allowed_signers
echo "jina@example.com namespaces=\"git\" $(cat /mnt/c/Users/jina/.ssh/sahihi_windows.pub)" >> allowed_signers
git config --global gpg.ssh.allowedSignersFile ~/.ssh/allowed_signers
cp allowed_signers /mnt/c/Users/jina/.ssh/
```

Kisha upande wa Windows:

```
git config --global gpg.ssh.allowedSignersFile "C:/Users/jina/.ssh/allowed_signers"
```

Hizi ni funguo za umma, kuzinakili hakuna hatari. Usijaribu tu kulitengeneza faili hili kwa alama ya `>` kwenye Windows PowerShell 5.1. Huandika kwa UTF-16, na ingawa Notepad inakuonyesha maandishi safi kabisa, `ssh-keygen` haioni jina lolote. Mwenzangu mmoja kazini alipoteza mchana mzima hapo.

Sasa jaribu, pande zote mbili:

```
git init jaribio
cd jaribio
git commit --allow-empty -m "Jaribio la sahihi"
git log --show-signature -1
```

Ukiona mstari unaoanza na `Good "git" signature for jina@example.com with ED25519 key`, umefika. Ukiona `No principal matched`, sahihi ipo lakini ufunguo wake haumo kwenye orodha. Rudi kwenye `allowed_signers`. Kwa kutazama komiti nyingi kwa pamoja:

```
git log --format="%h %G? %an %s"
```

Herufi `G` ni sahihi njema, `N` ni komiti isiyo na sahihi, `B` ni sahihi mbovu, na hiyo ya mwisho usiipuuze.

Ukitaka kuona kitu chenyewe, andika `git cat-file -p HEAD`. Utaona mstari wa `tree`, wa `author`, wa `committer`, kisha `gpgsig` na chini yake mafungu ya herufi baina ya `BEGIN SSH SIGNATURE` na `END SSH SIGNATURE`. Sahihi inafunga vyote vilivyo humo: mti wa mafaili, komiti iliyotangulia, majina, tarehe na ujumbe. Inasaidia pia kuondoa hofu ya wanaohama kati ya Windows na Linux, kwamba miisho ya mistari ikibadilishwa pale faili linapofunguliwa upande wa pili sahihi itavunjika. Haivunjiki, maana sahihi imetiwa kwenye komiti iliyokwisha hifadhiwa, si kwenye faili lililo mezani kwako.

## Mahali panapoteleza

Ripo moja inayofunguliwa kutoka pande zote mbili ndiyo yenye visa vingi. Ikiwa imekaa `C:\kazi`, nawe unaiingia pia kutoka Ubuntu kupitia `/mnt/c/kazi`, basi faili lake la `.git/config` linasomwa na Git zote mbili, na lenyewe lina nguvu kuliko mipangilio ya `--global`. Mtu akiandika humo `user.signingkey` yenye anwani ya Windows, Ubuntu itagoma. Uliza aliyeandika ni nani:

```
git config --show-origin --get user.signingkey
git config --local --unset user.signingkey
```

Ukiniuliza mimi, kila upande uwe na nakala yake ya ripo, na zikutane GitHub. Kufanya kazi kupitia `/mnt/c` ni kwa polepole, ruhusa za mafaili zinachanganyikiwa, na Git hulalamika kwamba folda lina umiliki wa mashaka.

Kisa kingine ni saa. Nilifunga laptopu, nikapanda daladala, nikaifungua ofisini, na saa ya Ubuntu ilikuwa bado iko kituoni. WSL 2 hufanya hivyo mara nyingine baada ya usingizi. Komiti hupata tarehe ya nyuma. Amri `sudo hwclock -s` huirudisha.

Kwenye GitHub, ukiunganisha tawi kwa kitufe cha Rebase and merge, komiti zinaandikwa upya na sahihi zako zinapotea, kwa sababu GitHub haina ufunguo wako wa siri. Ukifanya rebase kwenye mashine yako, Git inazitia sahihi upya yenyewe maana `commit.gpgsign` imewashwa.

Tena Kiswahili kimetupa neno lenye mtego: komiti yenye sahihi si lazima iwe sahihi. Mwaka 2024 mlango wa nyuma ulipopatikana ndani ya XZ Utils, programu ya kubana mafaili, vifurushi vya matoleo yale, 5.6.0 na 5.6.1, vilikuwa vimetiwa sahihi halali na mtunzaji mwenyewe, aliyejipenyeza kwa miaka. Sahihi inakwambia nani. Kilichomo bado ukisome.

## Laptopu ikipotea

Ufunguo ulioibiwa ufute GitHub siku hiyo hiyo. Kwenye `allowed_signers` usiufute mstari wake, maana komiti zako halali za zamani zitakosa mwenyewe. Uwekee mwisho badala yake:

```
jina@example.com namespaces="git",valid-before="20260301" ssh-ed25519 AAAA... sahihi-windows
```

Hii inahitaji OpenSSH 8.8 au zaidi, pamoja na Git 2.35 au zaidi. Kuanzia hapo komiti za kabla ya tarehe hiyo zinakubalika na za baadaye zinakataliwa. Lakini mwizi anayejua Git anaweza kurudisha tarehe ya komiti nyuma, kwa hiyo komiti yoyote iliyosukumwa baada ya wizi, hata ikiwa na tarehe ya kale, itazame kwa jicho la pili.

Na zile komiti zako za zamani zisizo na sahihi, ziache zilivyo. Kuzitia sahihi leo ni kubadilisha historia nzima ya ripo, na kila mwenye nakala atalazimika kuanza upya.